Maboga ya Kutazama

Tak. Kimya kidogo. Tak. Kisha "pfu," ganda linatemewa kiganjani.

Ni Bibi huyo, anakula mbegu za maboga kitandani kwake baada ya swala ya magharibi. Mbegu anaisimamisha kwa ubavu kati ya meno ya mbele, anaibana mara moja tu, inafunguka, ulimi unachukua kiini, ganda linatoka kama halijaguswa. Mimi nilijaribu mara nyingi nikaishia kutafuna kiini na ganda pamoja, yeye ananicheka: "Mke mwenzangu, meno unayo mazuri lakini hayana kazi." Aliniita mke mwenzangu tangu nikiwa mdogo, ule utani wa bibi na mjukuu, kwamba Babu ni mume wetu sote wawili. Hata Babu alipofariki hakuuacha. Alisema sasa sisi ni wajane wenza.

Tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya pili hapa Fridley, Marekani. Chini ya dirisha kuna hita ndefu ya bati, imeenda ukuta mzima, na ikianza kupata moto nayo inalia tak, tak, bati linavyotanuka. Jioni za mwezi wa kumi nilikuwa nalala chali nabahatisha: hiyo hita, hiyo Bibi, hiyo hita, hiyo Bibi. Mbegu zake alizianika pale pale dirishani, juu ya joto la hita, kwenye sinia alilolitandika gazeti la matangazo ya maduka. Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, alizigeuza moja moja kwa kidole, kwa sababu zisipogeuzwa zinaganda kwenye karatasi na kuota ukungu upande wa chini. Chumba kizima kilinuka boga. Nilivyokuwa nalalamika, mngenisikia mngedhani nimeonewa.

Bibi ni mama yake Baba. Alikuja kwetu kutoka Kilosa baada ya msiba wa Babu, maana Baba ndiye mtoto wake wa kiume peke yake na hakutaka abaki na nyumba tupu. Aliona winta tatu, zote tukiwa kwenye jengo refu kule Saint Paul. Mwaka jana, kiangazi, tukahamia Fridley. Na mwezi wa tisa, siku moja tunatoka Cedar-Riverside, mtaa wenye maduka ya Wasomali, kununua nyama, alitazama mti ulioanza kuwa mwekundu kandokando ya barabara, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Theluji ya mwaka huu nitaitazama kwenye simu. Nataka kurudi nyumbani."

Baba alikuwa anaendesha. Tuliposimama kwenye taa akageuza shingo.

"Mama, na magoti yako je? Hapa una daktari wako."

"Magoti ni yangu. Nitaondoka nayo."

Mama alifunika mdomo asicheke. Baba akasema jambo hili si la kuongelea garini, tutakaa wote siku ya sikukuu ya bata mzinga. Hivyo ndivyo tunavyoiita Thanksgiving nyumbani kwetu, na ndiyo siku ambayo Baba hana zamu kiwandani, Mama hana zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na mimi kazini kwangu wanafunga. Bibi akasema sawa, mwanangu, nitasubiri. Basi kuanzia siku ile hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja nyumbani kulikuwa na swali, na mimi jibu nilikuwa nalo tayari: haendi mtu.

Sababu yangu mtaicheka. Mimi shule niliishia sekondari, na sasa hivi nauza mikate ya kusokota yenye chumvi, kwenye kibanda ndani ya lile jengo kubwa la maduka Roseville. Lakini kichwani nina mgahawa. Nimeshaujenga mpaka bati. Uko Cedar-Riverside karibu na kituo cha treni, mlango wake wa njano, unauza chai ya maziwa na vitumbua, na kwenye kiti cha pembeni amekaa Bibi na kanga yake anasalimiana na wateja. Wakati wa kazi, watu wakiwa wachache, huwa napanga vikombe. Rangi ya vikombe nimebadilisha mara nyingi, hata mlango uliwahi kuwa wa buluu. Bibi sikuwahi kumhamisha. Nikimtoa pale, mgahawa unakuwa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nikaamua, huu msimu wa majani kupukutika nitamwonyesha Bibi raha zake zote, mpaka mwenyewe aseme, aa, nitaondokaje?

Nilianza na shamba la matufaha. Jumapili moja tulienda wote, mwendo wa kama saa nzima kwa gari. Pale kila mtu anapewa mfuko, unaingia kati ya miti unachuma mwenyewe, halafu unalipa. Mdogo wangu wa kike, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila majibu yake yote ni ya Kiingereza, alishatutangulia mbio. Bibi alisimama na mfuko wake.

"Mwenye shamba yuko wapi?"

"Yule pale, Bibi, anapokea pesa."

"Sisi tunavuna, yeye anapokea pesa?"

"Ndiyo."

"Yaani tunamlipa ili tumvunie?"

"Ni raha tu, Bibi. Watu wanapenda kuchuma."

"Babu yako hakuijua hii, jamani! Sisi vibarua tulikuwa tunawalipa!" Alicheka mpaka akashika shina la mti.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na shamba la maboga. Watu walikuwa wanapita humo wanachagua yale makubwa ya rangi ya chungwa, wanapiga nayo picha. Bibi hakuyatazama maboga. Aliinama akafunua majani. Makubwa yalikuwa yamechoka, lakini chini yake kulikuwa na machipukizi laini, ya kuchumwa kabisa.

"Muulize huyu kijana, majani wanamuuzia nani?"

Kijana wa shamba, mwenye kofia, alinifanya nirudie mara mbili. Majani? Ndiyo, majani. Ya nini? Ya kula. Akainua mabega, akasema chukueni mnavyotaka, baridi kali ikija wiki hii yatakufa yote. Basi mifuko yetu ya matufaha tukaijaza majani ya maboga. Wazungu wanapita na maboga yao mikononi wanatutazama, sisi tumeinama tunawaachia maboga tunachukua majani. Mdogo wangu alijificha nyuma ya trekta kwa aibu.

Jioni Mama na Bibi walikaa sakafuni jikoni wakiyamenya nyuzi, wakayapika kwa nyanya na karanga, tukala na ugali. Bibi alilamba vidole. "Kumbe hapa kuna chakula," akasema, "ila wenyewe hawajui." Nikajisemea kimoyomoyo, moja bila.

Sasa hapa inabidi nieleze kitu. Huku kwetu mtu akiwa na kitu asichokitaka tena anakiweka nje ya nyumba yake, anayekitaka anachukua. Baba alimfundisha Bibi hilo katika wiki zake za mwanzo. Kitanda changu tulikipata hivyo, na taa ya sebuleni, na kile kiti chenye mikono ambacho Bibi anakaa akiswali kwa sababu ya magoti. Bibi aliupenda sana mtindo huu. Alisema ndio wema mkubwa aliouona Marekani: mtu anatoa kitu na wala hasubiri kuambiwa asante. Tulipohamia Fridley akapata kitoroli cha kukokota, chenyewe pia cha kuokota, na magoti yakiwa mazuri alizunguka nacho mitaa ya nyuma yetu, kwenye zile nyumba zilizopangana, anarudi na chungu cha maua au sufuria isiyo na mfuniko.

Kule Saint Paul tulikuwa juu sana. Ngazi za milango ya watu mwezi wa kumi hakuwahi kuzipitia kwa miguu.

Siku moja ya mwezi huo wa kumi nilitoka kazini mchana. Tangu kwenye ngazi za jengo letu nilisikia iliki na tui la nazi. Nikaingia, Bibi yuko jikoni anakoroga, amejifunga kanga kiunoni, anaimba kwa chini. Kando ya friji yamepangwa maboga matatu.

"Bibi, haya yametoka wapi?"

"Nje. Wale wa nyumba za nyuma wametoa. Kila mlango wametoa, tena mazima! Nikaona siwezi kubeba yote, nikachagua." Akagonga moja kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio. "Sikia. Limekomaa hili."

Mdogo wangu alikuwa anaingia na begi la shule. Alilitupa begi, akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba Bibi ameiba Halloween.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza.

"Anasema kunanukia vizuri."

Mama akafika na sare zake za kazi. Alisimama mlangoni, akayatazama maboga, akanitazama mimi, akakaa chini pale pale kwenye viatu na kucheka mpaka machozi. Kisha akaona sufuria.

"La nne limo humo?"

"Limo humo."

Hapo hakucheka tena. Alimketisha Bibi, akamshika mkono, akamweleza taratibu kwamba yale watu wameyatoa kwa ajili ya Halloween, sikukuu yao ya mwisho wa mwezi, ni mapambo, watoto wanayachora sura, wengine wanayatoboa na kuweka mshumaa ndani.

"Halafu wanayala."

"Hawayali, Mama."

"Boga zima hivi?"

"La kutazama tu."

Bibi alifungua kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Basi nimeiba."

"Hukujua, Mama."

"Niliyemwibia hajui kwamba sikujua. Nivalisheni koti, tuyarudishe."

Mimi ndiye niliyekwenda naye, Kiingereza changu ndicho kilichokuwa karibu. Nilikokota kitoroli chenye maboga matatu, yeye alibeba bakuli la lile lililopikwa, amelifunika sahani. Alikumbuka kila boga alilitoa mlango gani, hakukosea hata moja.

Mlango wa kwanza alitoka mwanaume na mbwa wake. Alicheka, akasema hata hakuwa ameona kama halipo, bibi yako achukue tu. Bibi alikataa kwa mikono yote miwili. Mlango wa pili hapakuwa na mtu. Tuliliweka kwenye ngazi, na Bibi akaligeuza upande wake mzuri utazame barabarani.

Wa tatu alitoka mwanamke mwenye simu mkononi. Hakuwa mkali, ila hakutabasamu. Nilipomaliza kujieleza alitugeuzia simu. Kamera ndogo ya mlango wake ilikuwa imemrekodi Bibi, na yeye alikuwa ameituma video ile kwenye kundi la majirani. Ndani yake Bibi anakuja na kitenge na koti kubwa la Baba. Anainama. Anagonga boga, anasikiliza, anatabasamu. Analiinua. Halafu, kabla hajaondoka, anaweka mkono kifuani na kuuambia mlango uliofungwa kitu fulani. Sauti ilikuwa imezimwa, lakini midomo niliisoma. Alikuwa anasema ahsante.

"Ni mimi huyo!" Bibi akasema, akafurahi. Hakuwahi kujiona akitembea. Kisha akaona uso wangu. Akaona chini ya video kuna maandishi mengi, mafupi mafupi.

"Wameandika nini?"

Mengine sikuyataka kinywani mwangu. Nikachagua moja.

"Wanauliza kama kuna anayekufahamu."

Bibi alitazama simu kidogo. "Na hakuna," akasema.

Yule mwanamke aliuliza, hapa alikuwa anasema nini na mlango? Nikamwambia. Akaifuta ile video mbele yetu, akasema pole. Nadhani alikuwa anasema kweli. Lakini Bibi alikuwa ameshageuka anashuka ngazi, anashikilia reli, goti moja moja.

Mlango wa mwisho ndio wa lile la sufuriani. Lilikuwa la mvulana kama wa miaka mitano. Alikuwa amelichora macho na meno kwa kalamu, na Bibi aliyaosha akidhani ni uchafu. Mtoto akaangalia kitoroli kitupu. Bibi alitaka kuchuchumaa amfikie, magoti yakagoma, akabaki ameinama nusu.

"Mwambie nimempikia. Lina nazi na iliki."

Mama wa mtoto alipokea bakuli kwa mikono miwili, nilimshukuru moyoni. Mtoto akauliza kama boga lake ndilo limo mle. Nikasema ndiyo, lote. Akaangua kilio. Kuna watu wangepata jibu zuri zaidi la kumpa.

Kesho yake nilinunua boga Roseville, kubwa kuliko yote niliyoweza kupakata kwenye basi, nikampelekea. Niliporudi Bibi alikuwa kitandani.

"Amelipokea?"

"Amelipokea."

"Amelichora?"

"Ameanza na macho."

Akarudi kwenye sinia lake dirishani. Zilizokuwa zinakauka pale ni mbegu za boga la kwanza la yule mtoto.

Tangu siku hiyo hakutoka tena na kitoroli. Kilisimama nyuma ya mlango, Baba akawa anakitundikia mwavuli wake. Bibi alipika, aliswali, aliongea na shangazi wa Kilosa kwa simu, alinitania kama kawaida. Ila alikuwa akipita dirishani anasimama kwa pembeni, mahali ambapo wa nje hawezi kumwona.

Siku ya Halloween watoto hupita wamejivika mavazi ya kujigeuza wakiomba pipi, nasi tuliweka meza ya pipi pale chini kwenye mlango wa jengo, wapangaji wote huwa wanaweka. Nilikuwa nimepanga kukaa na Bibi, nimemtayarishia mpaka mto wa kiti.

"Nenda mwenyewe, mke mwenzangu. Mimi nimeshatazamwa vya kutosha."

Nikashuka peke yangu. Wakaja wachawi, wakaja mashujaa, akaja pia yule mvulana wa boga amevaa mavazi ya nyuki, mabawa yamepinda upande mmoja, mama yake nyuma. Alichukua pipi yake, kisha akauliza yuko wapi yule bibi anayepika. Nikasema amepumzika. Akatazama ngazi kidogo, wakaondoka.

Nilipopanda nikamwambia Bibi, yule mtoto amekuulizia.

"Yule wa boga?"

"Huyo huyo. Leo alikuwa nyuki."

"Nyuki!" Akacheka. Tak. "Mabawa alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Ungeniita basi."

"Si ulikataa, Bibi?"

"Nilikataa. Lakini ungeniita."

Halloween ikaisha, na wiki iliyofuata maboga yakaanza kutoka nje kwa mara ya pili, safari hii kando ya mapipa ya taka. Mengi yalikuwa yametobolewa na kuanza kunywea, lakini mengine yalikuwa mazima, hata kucha haijayagusa. Tulisimama dirishani asubuhi, Bibi kwa pembeni, tukiangalia lori la taka likiinua pipa moja baada ya jingine. Yalikuwa yanaangukia ndani kwa kishindo mpaka kwetu juu tunasikia.

"Bibi, sasa ni ruhusa," nikamwambia. "Sasa kweli wameyatoa. Twende upesi, tuokoe hata mawili."

"Na zile kamera zimelala?"

"Hakuna atakayesema kitu, wanayatupa."

"Najua wanayatupa, nina macho." Akashusha pazia. "Mwezi uliopita mwizi, mwezi huu si mwizi, na boga ni lile lile. Mimi mzee, siwezi kuyashika yote hayo."

Nilienda kazini siku hiyo nikasahau kutia chumvi kwenye mikate.

Sikukuu ya bata mzinga ikafika. Bata wetu tulimnunua Cedar-Riverside, wa halali, kwa Msomali mmoja aliyekulia Mombasa ambaye Bibi alimpenda kwa sababu anabishana kwa Kiswahili. "Mama, huyu amenona kukupita wewe!" alimwambia, na Bibi akamjibu, "Amenona kama bei zako." Huyo ndiye mtu pekee niliyemsikia Bibi akibishana naye wiki zile, na njia nzima ya kurudi alikuwa mchangamfu.

Bata alilala kwenye tangawizi, vitunguu saumu na ndimu. Bibi alimwita kuku aliyepitiliza. Tukapika na pilau, na kachumbari, na mdogo wangu akadai ile michuzi ya matunda mekundu ya kopo, akaila peke yake. Tulikula vizuri sana. Vyombo vilipotolewa, Baba akajikohoza.

"Mama. Tulisema leo tutaongea."

Aliongea vizuri Baba, nilimwonea huruma. Alisema habari za daktari wa magoti, dawa, bima, habari za nyumba ya Kilosa kwamba paa linavuja. Alisema yeye kama mtoto atalala vipi usingizi. Kisha akasema kila mtu aseme la kwake. Mama akasema atafuata atakachotaka mama mkwe wake, lakini jikoni atabaki mpweke, na akainuka kuangalia chai ambayo ilikuwa haijabandikwa. Mdogo wangu akasema, kwa Kiswahili, neno moja: "Kaa."

Wote tukamgeukia. Bibi akamvuta akamkalisha kwenye mapaja, na magoti yale.

Nikafuata mimi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, lakini nilichotoa ni mgahawa. Niliuongea wote, mlango, vikombe, vitumbua, na kiti chake cha pembeni. Baba alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza. Sikucheka na hakuna aliyenicheka.

"Na mimi hapo kwenye kiti nafanya nini?" Bibi akauliza.

"Unasalimia watu."

"Watu gani?"

"Wateja, Bibi. Wanaoingia."

"Nawajua?"

Nikaanza kuokota punje za pilau mezani.

"Nisikilizeni," Bibi akasema, na sauti yake haikuwa ya kulalamika hata kidogo. "Nyinyi hamjanikosea. Hata wale wa maboga hawajanikosea, mimi ndiye niliyechukua vya watu. Goti langu linauma hapa, na kule litauma. Lakini kule nikitoka na kikapu changu, kabla sijafika kona nimeulizwa hali mara tatu. Nikichukua boga la mtu, mwenyewe anapiga kelele kwa jina langu, namrudishia, tunacheka, yanaisha. Nataka kukaa mahali ninapojua kipi cha kula na kipi cha kutazama. Hapa sitajua, baba. Nimeshazeeka, sitajua."

Baba akasogeza glasi yake pembeni. Kisha akasema, "Paa nitatuma fundi." Ndivyo alivyokubali. Jikoni Mama alifungulia maji kwa nguvu, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mimi sikulia siku hiyo. Nililia Roseville kesho yake, nasokota mkate, mteja akaniuliza kama nina mafua.

Tiketi ilikuwa ya wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Siku za mwisho Bibi aliniambia, "Mke mwenzangu, nitafutie boga moja nikupikie kabla sijaenda. La dukani. Lenye risiti." Tulicheka sote wawili, mara ya kwanza tulilicheka jambo lile. Nikampatia, akalipika kwa nazi na iliki kama lile lingine, tukalimaliza na Mama tukiwa tumesimama jikoni. Mbegu akaziosha, akaziondoa nyuzi, akazitandaza kwenye sinia dirishani.

Uwanja wa ndege tulifika mapema kupita kiasi, kama kawaida ya Baba. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, nyembamba. Bibi aliitazama kupitia kioo cha gari, akanifinya mkono, kwa sababu alikuwa amesema ataiona kwenye simu. Kabla hajashuka alivua lile koti kubwa akamwachia Mama. "Hili halinihusu tena." Akaingia na sweta na kanga mbili. Kijana wa uwanjani akaleta kiti cha magurudumu, Mhabeshi, akamsalimia kwa kuinamisha kichwa, na Bibi akaanza kumuuliza kwao ni wapi, kwa Kiswahili, kana kwamba lazima aelewe. Alipofika pale ambapo sisi haturuhusiwi, alinyanyua mkoba wake juu na kuutikisa. Hakugeuka. Mkoba tu, juu ya vichwa vya watu, kisha haukuonekana.

Baba akatushusha nyumbani, akaenda kiwandani. Mama alikuwa na zamu ya mchana. Mdogo wangu akafungulia televisheni sebuleni, sauti kubwa.

Mimi nikaingia chumbani nikafunga mlango. Kitanda chake alikuwa amekitandika mwenyewe alfajiri, mashuka yamebanwa pembeni. Chumba kilikuwa na joto lile lile alilolipenda yeye, la kunifanya mimi nilale juu ya blanketi. Nikashika kile kidude cha kupunguza joto. Kisha nikakiacha kilivyo.

Hita ikalia. Tak. Tak. Nikasubiri nione kama kuna kingine. Ilikuwa hita.

Kwenye sinia mbegu zilikuwa bado mbichi. Kwa haraka ya safari, asubuhi ile hakuna aliyezigusa, na zilikuwa zimeshaanza kushika gazeti. Nikavuta kiti chake cha kuswalia mpaka dirishani, sikusimama kwa pembeni, nikakaa katikati ya kioo. Nikazibandua taratibu ili zisichanike, nikawa nazigeuza kwa kidole, moja moja, upande uliolowa ukae juu.